Kithitu cha Kyamuthei

Mzee Mwau wa Nuu alimsikiliza Mwongeli hadi mwisho, akakohoa, akatema mate pembeni, kisha akamwambia kwamba baba yake hakuwahi kuwapa watu wa Mukuyuni kithitu.

"Si mwaka huo wa sitini, si mwaka mwingine wowote," alisema. "Nani aliwadanganya?"

Mwongeli alisogea mbele kwenye kigoda. Alikuwa ametoka Kitui mjini asubuhi na mapema na kilo nne za sukari, majani ya chai na blanketi jipya, vitu vya heshima vya kumwomba mzee aje awafungue watu wake kutoka kwa kiapo kilichowafunga miaka sitini na zaidi. Hakuja kuulizwa nani aliwadanganya.

"Labda umesahau, mzee," alisema.

"Nimesahau nilikoweka miwani. Hili sijasahau. Kithitu cha baba kilikuwa hakitoki hapa bila yeye mwenyewe kukifuata nyuma, hata kama ni kwenda boma la pili. Na mwaka huo wa sitini alikuwa amevunjika mguu, sisi watoto ndio tulikuwa tunambeba kumpeleka juani. Huyo babu yako sikumwona hapa."

"Kwetu wanasema mwenye kithitu alikuwa mgonjwa, kwa hivyo akamkabidhi babu."

Mzee Mwau alicheka hadi machozi yakamtoka. Alisema mtu wa kukabidhi kithitu kama anayeazimisha jembe bado hajazaliwa, na kwamba watu wa Mukuyuni walikuwa wajinga kuliko alivyodhani. Blanketi alilichukua, lakini.

Ngoja nieleze, maana kuna watu hawajui kithitu ni nini. Ni kitu cha kuapia. Mara nyingi ni pembe iliyojazwa mambo ambayo mwenye akili zake hataki kuyajua. Inawekwa chini, unaipiga kwa kijiti mara saba huku ukisema, nikivunja neno hili kithitu kinile mimi na watu wangu. Hakifunguliwi. Hakichunguliwi. Mwanamke ndiyo kabisa, hata kukikaribia hatakiwi. Huku kwetu tumeokoka, tunaimba kwaya, tunafunga na kuomba, lakini mtu akitaja kithitu utasikia kwaya nzima imenyamaza.

Na hicho cha Kyamuthei kilikuja hivi. Mwaka wa sitini Mzungu bado alikuwa na nchi, ingawa alishaanza kukunja virago. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kinakutana juu ya kilima cha Kyamuthei, kwenye malisho na chemchemi ya watu wa huko, na serikali ikakamata wanaume kumi na wanne ikawaweka kizuizini. Wazee watatu wakatumwa kuzungumza na Disii, Mzungu mkuu wa wilaya. Msemaji wao alikuwa Musyimi, fundi wa viatu, babu yake Mwongeli. Walikaa siku tatu katika ofisi ya chifu. Disii alitaka kilima kiwe kitupu, watu wahamie chini na wasirudi. Wazee walitaka watu wao. Siku ya tatu Musyimi akasema sawa, leta karatasi tutie vidole, na wenzake wakashangaa alivyokubali haraka. Disii hakushangaa. Alikuwa amekaa Ukambani miaka tisa na alitujua kuliko ilivyotufaa. Akaisukuma karatasi pembeni.

"Hii mtaichana siku mkipata bendera yenu," alisema, tena kwa Kikamba safi. "Mtaapa kwa kithitu."

Wazee wawili walisimama waondoke. Walikuwa wameshikwa pabaya, maana karatasi ya Mzungu hakuna aliyeiogopa. Musyimi akawakalisha, akaomba siku sita za kwenda Nuu kukitafuta. Siku ya sita akarudi na pembe iliyofungwa ngozi, na mbele ya Disii, chifu na kijiji kizima, wakaipiga mara saba kila mmoja: sisi na uzao wetu hatutakanyaga Kyamuthei tena. Watu walilia kama wako kwenye mazishi. Wiki haikuisha, wale kumi na wanne wakawa nyumbani.

Wiki saba baadaye Musyimi aliugua tumbo siku mbili akafa. Ikasemekana alionekana kilimani akitafuta mbuzi aliyepotea. Basi, mambo yakaishia hapo. Uhuru ukaja, Mzungu akaenda kwao, watu wakala nyama ya sherehe, lakini hakuna aliyepandisha hata kuku Kyamuthei. Walibaki chini Mukuyuni, kwenye kokoto, wakichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, mashimo marefu kuliko mtu, na mara kwa mara kingo zikiporomoka na kumfunika aliye ndani. Mwaka wa themanini na nne, kiangazi kile kibaya, mchanga ulimfunika Ndila, mama yake Mwongeli. Mwongeli alikuwa na miaka mitano, na alishikiliwa kando ya shimo akiangalia watu wakichimba kwa sufuria.

Sasa ofisi ya ardhi ilikuwa inaandikisha vilima vyote vya upande ule. Sheria yao ilikuwa nyepesi: anayedai ardhi aikanyage mwenyewe, aonyeshe mpaka kwa mguu wake, aandikwe. Asiyekanyaga hana dai. Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne saa sita mchana, na tajiri mmoja wa Nairobi alishachomeka nguzo upande wa pili akisubiri ukoo ushindwe. Mwongeli, muuza ndengu sokoni Kitui, alikuwa katibu wa kamati ya ukoo, kwa sababu mwandiko wake unasomeka na mdomo wake hauna breki. Kamati ilimtuma Nuu kwa jambo moja: nyumba iliyotoa kithitu ndiyo pekee inayoweza kukiondoa. Na nyumba hiyo ndiyo hiyo imemwambia haikutoa kitu.

Barabara ya kurudi hakuiona. Alijaribu kupiga hesabu za kawaida, kwamba mzee amezeeka, kwamba labda ilikuwa nyumba nyingine ya Nuu, na kila hesabu ilikataa. Kesho yake, Jumapili baada ya kanisa, alikuwa Mukuyuni kwa nyanya yake, susu Kavata, mjane wa Musyimi. Susu alikuwa kwenye mkeka akipukuchua mbaazi. Miaka themanini na sita, macho bado makali, na ulimi pia.

"Umekonda," susu alisema. "Huko Kitui unauza ndengu au unazitazama tu?"

"Susu, Mwau wa Nuu amekataa."

"Amekataa kuja?"

"Amekataa kwamba babu alifika kwao. Anasema baba yake hakutoa kithitu."

Mikono ya susu iliendelea na ganda moja, la pili, la tatu. Kisha ikasimama.

"Kumbe wanaokumbuka katika nyumba ile bado wako hai," alisema. "Nilidhani walikwisha."

Susu hakuuliza kama Mwau alikuwa amelewa. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mwongeli.

"Susu, kile kithitu kilitoka wapi?"

"Keti chini."

"Nimesimama sawa."

"Kilitoka kwa mikono yangu," susu Kavata alisema. "Pembe ni ya beberu wetu tuliyemla Krismasi. Ngozi ni ya viatu. Babu yako aliikata, mimi nikaishona, hapo chini mtoni alikojificha siku tano tukidai yuko njiani Nuu. Nilikuwa nampelekea chakula mchana nikijifanya natafuta kuni. Alisema mshono wake ungejulikana, kila mtu alikuwa na viatu vyake. Wangu hakuna aliyeujua."

"Ndani mlitia nini?"

"Majivu ya jikoni. Na kipande cha leso yangu, ili kisisikike kitupu."

Mwongeli aliketi bila kukusudia. Alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya majivu ya jikoni. Aliona aibu, aliona kizunguzungu, na katikati ya hayo yote akataka kucheka kama mzee Mwau.

"Mzungu aliamini ametushika," susu alisema. "Babu yako alikuja nyumbani usiku wa siku ile ya tatu akiwa amefurahi hadi hawezi kula. Alisema yule mtu ametaka kitu ambacho hawezi kukikagua, na hata watu wetu hawatathubutu kukikagua. Tukiwapata vijana, tungoje bendera, halafu atapanda juu ya meza awaambie wote kilikuwa na nini, na watacheka wiki nzima. Wenzake wawili hakuwaambia. Alitaka walie machozi ya kweli mbele ya Disii."

"Na hakuwaambia baadaye."

"Hakuifikia bendera."

"Wewe uliifikia."

Susu alichukua ganda jingine la mbaazi, akaliacha.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mimba ya mama yako. Mume wangu amekufa kwa siku mbili, na kijiji kizima kinasema kithitu kimemla. Nilijua ni majivu. Niliyachota mwenyewe. Na nakuambia, niliogopa. Niliona labda watu wakikililia kitu namna ile, kinasikia. Nikanyamaza mwaka mmoja, mitano, kumi. Halafu nikaokoka, woga ukanitoka, lakini tayari tulikuwa tumezika watu wanne kwenye mchanga. Ningeanzia wapi? Ningesimama kanisani niwaambie nini wenye hao wanne?"

"Mama alikufa themanini na nne," Mwongeli alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Asubuhi ile alipochukua mtungi."

"Mimi ndiye niliyemtuma," susu alisema. "Maji ya kukuogesha wewe."

Tusidanganyane, Mwongeli alimchukia. Huyu ndiye aliyemlea, aliyeuza mbuzi wake apate karo, aliyemsukia nywele hadi kidato cha nne, na pale kwenye mkeka alimchukia kwa moyo wake wote. Alitoka nje ya boma, akashika mti wa ua kwa mikono miwili. Aliporudi, susu alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani.

"Nipeleke Jumanne," susu alisema.

"Watu wakisikia, unajua watakufanya nini?"

"Sijui. Nipeleke."

Jumanne saa nne asubuhi ukoo mzima ulikuwa chini ya Kyamuthei, kwenye mstari wa mkonge ambao hakuna mguu uliouvuka. Afisa wa ardhi, Gathua, kijana mpole aliyezaliwa Emali kwa wazazi wa kutoka Murang'a, alikuwa ameweka meza, orodha na mashine yake ya kupimia. Hakuelewa kwa nini watu mia moja wamesimama mbele ya ardhi yao wakiitazama kama moto. Alikuwa amewaambia mara mbili kwamba saa sita anafunga kitabu, na alisema hivyo kwa huruma.

Mwongeli alimweka susu kwenye kiti cha plastiki. Mwenyekiti wa kamati, Mutisya, mwanamume wa miaka sitini mwenye mabega ya kubeba magunia, akanyamazisha watu. Baba yake alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Mama yake alikufa mchangani mwaka wa tisini na mbili. Wote walidhani katibu ameleta habari njema kutoka Nuu.

Susu Kavata alisema yote. Hakupamba. Alitaja pembe, ngozi, mshono, majivu, kipande cha leso, chakula cha mchana mtoni. Alipomaliza, hakuna aliyepiga kelele. Mwongeli alikuwa amejiandaa kwa mawe na matusi, na badala yake akaona nyuso za watu zikilegea, kwa upole wa kutisha.

"Mama yetu," Mutisya alisema, "tunajua unatupenda. Umeona saa inakwenda, ukaamua ubebe laana peke yako, sisi tupate kilima. Mungu akubariki. Lakini mwanamke hawezi kushona kithitu. Kingekuua hapohapo."

Watu wakaitikia. Mama mmoja alikuja akamfunika susu mabega kwa kanga yake. Walikuwa wanamhurumia, na Mwongeli aliduwaa, maana katika mambo yote aliyoyaogopa tangu Jumapili, hili la kutoaminiwa halikumpitia akilini.

"Sikufa," susu alisema. "Niangalieni."

"Mumeo alikufa," Mutisya alisema.

"Mume wangu alikunywa maji ya dimbwi. Watoto wawili wa jirani walikufa wiki hiyohiyo na hawakuapa kitu. Umesahau hao, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuwakumbuka."

Kulikuwa na wazee wawili watatu pale walioinamisha vichwa. Waliwakumbuka. Mutisya aliona vichwa vikiinama, na uso wake ukabadilika polepole. Alimsogelea susu, akachuchumaa mbele ya kiti, akasema kwa sauti ya chini ambayo watu wote waliisikia.

"Nikikuamini, basi mama yangu alikufa bure."

Susu angeweza kusema mengi. Angeweza kusema binti yake Ndila pia. Angeweza kuomba msamaha wa kikanisa wenye maneno marefu.

"Ndiyo," alisema.

Mutisya alisimama, akamgeuzia mgongo. Hakuna aliyesogea. Hapo Mwongeli akaelewa kwa nini hawataki kuvuka, na hakikuwa tena kithitu. Kukaa hapa chini kulimaanisha watu wao walikufa wakishika neno lililowatoa vijana kizuizini. Kuvuka kulimaanisha walikufa kwa sababu mjane mmoja alinyamaza. Kilima ni kilima, lakini nani anataka kukinunua kwa bei hiyo? Gathua alikohoa, akasema imebaki saa moja na nusu.

Mwongeli hakuwa amepanga kuwa wa kwanza. Ndani yake bado alikuwa anachemka, na sehemu yake moja ilitaka tajiri akichukue kilima chote na chemchemi yake, mambo yaishe. Lakini yeye alikuwa anaamini. Katika watu wote pale, ni yeye peke yake aliyekuwa na siku mbili za kuamini, na alijua kwamba ukweli ule haurudi ndani ya pembe. Akasogea kwenye mkonge. Mguu aliuinua akaurudisha, maana alilelewa kama wengine na mwili hausikii hoja. Akavuka.

"Andika," alimwambia Gathua bila kugeuka. "Nyumba ya Musyimi."

Alipanda hatua ishirini, thelathini, akisikia pumzi yake tu. Kisha akasikia kishindo nyuma. Mutisya alikuwa anakuja, analia waziwazi kama mtoto, anakanyaga kwa hasira kama anayetaka kuiumiza ardhi. Nyuma yake wakaja watoto wake, kisha wale wazee walioinamisha vichwa, kisha wote. Walipita kushoto na kulia kwa kiti cha plastiki. Hakuna aliyemtukana susu. Hakuna aliyemsemesha. Yule mama wa kanga, alipofika kwake, alisimama, akaichukua kanga yake mabegani mwa kikongwe, akaendelea.

Juu walikuta chemchemi. Haikuhitaji kutafutwa, kelele yake ilisikika kabla haijaonekana, maji yakitoka katikati ya mawe na kujaza bwawa la asili lenye majani mabichi pande zote. Wanawake waliokuwa wanazungumza wakaacha. Mutisya aligeuka kutazama walikotoka, na kutoka pale aliona bati la nyumba ya mama yake, na mlango, na hata kamba ya kuanikia nguo. Ni mwendo wa robo saa. Mtoni kulikuwa saa mbili kwenda na saa tatu kurudi na mtungi. Akaketi kwenye jiwe akashika kichwa, na watu wakamwachia nafasi.

Gathua alipima, akaandika majina, watu wakatia vidole. Saa sita kasoro dakika kumi kilima kilikuwa chao. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Mwongeli alishuka peke yake. Susu alikuwa palepale alipomwacha, jua limehamia usoni mwake na hakuna aliyesogeza kiti. Alikuwa mdogo ghafla. Mwongeli alisimama mbele yake kumkinga jua, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Mmeandikwa?" susu aliuliza.

"Tumeandikwa."

"Na maji?" alisema, macho yamemkazia Mwongeli. "Miaka hii yote nilikuwa nikijiambia labda yamekauka. Kwamba hata kama ningesema, wangepanda wakute mawe."

Mwongeli aliangalia ule uso. Ilikuwa rahisi kusema yamekauka, neno moja tu, na kikongwe akalala vizuri siku zilizobaki. Alilitaka neno hilo hadi taya zikamuuma.

"Hayajakauka, susu," alisema. "Ni mengi."